Waya Yenye Kukatwa na Waya Yenye Kuchoka

Pikipiki ikizima yenyewe katikati ya njia, mikono yako ikae mufukoni kwanza. Uulize mwenye kuipanda: ilizima wapi? Mulimani ao kwenye kona? Kona ya kuume ao ya kushoto? Ilizima gafla, sawa mutu mwenye kupigwa risasi, ao ilikohoa kwanza sawa mugonjwa? Yenye kukohoa, tafuta mafuta. Yenye kufa gafla, tafuta courant, ile umeme.

Maneno hii haikutoka kwangu. Ilitoka kwa Muzee Zakaria. Na nyinyi vijana wa gareji za Bunia muko munamutukana Muzee Zakaria kila siku bila kumujua. Nimewasikia kwa masikio yangu ku Ngezi: fundi akiharibu moto, ile pikipiki ya mutu, kwa siri, munasema "amefanya Zakaria." Imekuwa sawa methali. Munacheka. Njo maana nimeshika bic ya kuandika, mimi mwenye kusoma tu mpaka mwaka wa tatu wa primaire. Munisamehe makosa ya kuandika, lakini musisamehe watu nitataja.

Nimeacha kazi. Sijakuwa muzee sana, lakini vidole vyangu vinatetemeka toka vita, na waya ya moto haipendi mukono wenye kutetemeka.

Muzee Zakaria alikuwa fundi wa courant ku Rwambuzi, ndani ya kibanda ya matole, ile mabati, pembeni ya parking. Alijifunza kazi kwa Mugiriki mumoja mwenye gareji ya magari, zamani sana. Kwake kisu ilikuwa mwiko. Ukileta kisu karibu na waya anakufukuza. "Kisu inakwaruza shaba," alisema. "Uzi moya ikikwaruzwa leo, kesho itavunjika, na kesho hauko pale." Ngozi ya waya alikuwa anavua kwa meno. Unauma kidogo, unazungusha, unavuta. Meno yake ya mbele ilikuwa na kashimo katikati, sawa mulango wa panya. Yangu iko vilevile. Mukinikuta njiani muniambie nicheke, mutaiona.

Tena alikataza kuamini rangi. Moto inatoka ku usine, kule kiwandani, na waya ya rangi muzuri, nyekundu ni ya hii, nyeusi ni ya ile. Kiisha inapita kwa mafundi kumi wa hapa kwetu, kila mutu anaungia waya yenye alikuwa nayo, ya redio, ya nyumba, ya gari yenye kufa. "Usiulize waya rangi yake," Muzee alisema. "Uifuate na kidole mpaka mwisho, uone inafanya kazi gani." Wakati wa vita nilikumbuka neno hiyo mara mingi, maana watu wa muji walikuwa wanauliziana rangi tu, kabila gani, musemo gani, kijiji ya baba yako ni wapi, na kwa jibu moya mutu anabaki pale kwenye mufereji. Kabila ya Muzee sitaandika hapa. Atakayetaka kuijua, namujua yeye ni mutu wa namna gani.

Tulikuwa wawili wenye kujifunza kwake, mimi na Gustave. Gustave namutaja jina kwa sababu yeye alitaja jina ya wengine. Ni ule mwenye munamuita Papa Gustave, mwenye gareji kubwa ya Ngezi. Siye tulimuita Gustave Bougie, maana moto ikiwa na ugonjwa gani, yeye anabadilisha bougie, ile plagi ya kutoa cheche ndani ya moteri. Siku moya pastere alileta moto yake, klaksoni hailii. Tunarudi kutoka kula, tunakuta Gustave ameshatoa bougie, anaisugua.

Muzee akamuuliza pole pole: "Gustave mwanangu, klaksoni nayo inakulaka bougie?"

Pastere alicheka mpaka akashika ukuta. Gustave hakucheka. Alikuwa mutu wa kubeba maneno ndani ya tumbo.

Sasa mujue woga ya fundi wakati ule. Kila kikosi ilikuwa na moto, na kila moto inaharibika. Leo kikosi hii inashika muji, kesho ile. Ukitengenezea hawa, wale watakuita adui. Ukikatalia hawa, haufiki kwa wale. Tulijifunza kujua moto kwa sauti mbele ya kuziona. Moto ya mama wa soko, ya muganga, ya padri, tunaendelea na kazi. Lakini kulikuwa moya ya tout-terrain, ile ya njia mubaya, échappement yake, ile bomba ya moshi, imetoboka, sauti yake ilikuwa inapanda toka chini sawa mutu anapasua mabati. Ikisikika, kibanda yote inanyamaza. Nilikuwa nasahau tournevis, ile bisibisi, iko ndani ya mukono gani.

Ile ilikuwa moto ya Komanda Radi. Jina ya baba yake sikuijua. Moto aliinyang'anya kwa watu wa misaada. Kwenye shingo ya guidon, ile usukani, chini ya taa, alifunga dawa yake ya vita: kifurushi ya ngozi ya munyama, kubwa sawa ngumi, imefungwa na vipande vya chambre à air, ile mupira wa ndani ya gurudumu, kukaza, kukaza. Mutu hapana gusa. Mwenye kulala na mwanamuke hapana gusa kabisa, dawa inakufa. Askari wake waliamini risasi inaona ile kifurushi na kugeuza njia.

Muzee alimutengenezea klaksoni. Hakugusa dawa, hakugusa shingo ya guidon. Mimi nilikuwa pale, nilimushikia lampe témoin, ile ampulu na waya mbili ya kupimia courant. Kiisha siku chache, Komanda Radi anarudi muji na mbio, wanamupigia risasi toka mashamba, anakata kona, na moto inakufa pale pale. Gafla. Yeye aliruka ndani ya mufereji. Gadi mwenye alikuwa nyuma yake hakuruka.

Asubuhi ilifuata sikukuta Muzee kwenye kibanda. Nilikuta lunettes yake, ile miwani, chini. Kiisha nikasikia ile sauti ya mabati inapasuka. Lakini ile siku askari wa Komanda Radi hawakuwa juu ya moto ile. Ilikuwa imezima, sauti ilikuwa ya kamyoneti yenye kuivuta. Askari mumoja akaniambia: "Weye njo wa Zakaria? Kamata vyombo. Panda."

Walinipeleka kwa nyumba ya mufanya biashara mumoja mwenye alishakimbia, ndani ya lupango, ile kiwanja yenye ukuta murefu. Muzee alikuwa chini, mugongo ku ukuta, mikono nyuma. Walimufunga na waya. Nilitambua waya ile. Ilitoka kwenye rouleau ya waya ya kibanda yetu.

Komanda Radi alikuwa anakula mukate. Akasema bila kupandisha sauti: "Fundi, nataka kintu moya. Mwenzenu Gustave anasema alimuona muzee huyu na kisu kwenye waya zangu. Weye utaniambia. Kama ni kisu, muzee anakufa, weye unaenda kwako. Kama haiko kisu, unionyeshe. Ukishindwa kunionyesha, munaenda wote wawili."

Gustave. Na kisu! Nilimuangalia Muzee. Mudomo yake ilikuwa imevimba. Alisema: "Mwanangu, anza ku batterie." Askari akamupiga na kandambili yenye alishika mukononi, sawa mutu anaua nzi, na Muzee akarudilia: "Anza ku batterie."

Nilianza ku batterie. Nikaangalia fusible, ile fyuzi, nikaangalia masse, ile fasi waya inashikana na chuma ya moto, sikuona kutu. Mukono yangu ilikuwa inatetemeka mpaka lampe témoin ilikuwa inagonga kwenye réservoir, ile tanki ya mafuta, tin, tin, tin. Askari mumoja akaanza kuitikia na muguu sawa ngoma. Wenzake wakacheka.

Nikafungua contact, ile swichi ya ufunguo, nikapiga kick na muguu.

Moto ikawaka.

Vijana, musiombe ile siku. Moto yenye kukataa kuwaka ni rafiki, kosa yake iko pale inakungojea. Moto yenye kuwaka muzuri mbele ya watu wenye bunduki, ile inakuzika. Komanda Radi aliacha kutafuna. "Basi haina kosa," akasema. "Basi mutu aliiharibu, kiisha akaitengeneza?"

Nikakumbuka mikono mufukoni. Sikuweka mikono mufukoni, wangenipiga risasi, lakini niliitoa ku moto. Nikauliza:

"Komanda, ilizima kona ya wapi?"

"Ya kuume."

Nikashika guidon, nikaizungusha kuume pole pole sawa mutu anafungua mulango ya nyumba yenye maiti. Mwisho wa kuzunguka, moteri ikafa. Nikarudisha katikati, nikapiga kick: ikawaka. Kuume: ikafa.

Muzee alifunga macho. Yeye alishajua. Kosa yenye kufuata guidon iko ndani ya waya yenye kupita shingo ya guidon, haina fasi ingine. Niliweka lampe kwenye waya inatoka ku contact: inawaka, uzungushe kuume, uzungushe kushoto, inawaka tu. Nikaiweka kule waya inafika ku bobine, ile chombo ya kutuma courant ku bougie: inawaka, zungusha kuume, inazima. Basi waya ilikuwa imevunjika katikati ya hizo fasi mbili. Nikaifuata na kidole, vile nilifundishwa. Kidole ikapita chini ya taa, ikapanda, ikafika ku kifurushi ya dawa, na waya ikaingia chini yake.

Kidole yangu ikasimama pale.

Nisikilizeni vizuri, maana hapa njo fundi anakuwa fundi ao anakuwa kintu ingine. Nikisema "kisu", nitalala kwangu, na Muzee hatalala tena. Nikisema "Komanda, dawa yako njo iliua moto," mbele ya askari wenye kuamini ile dawa kuliko mama zao, hawatangoja amri. Nikifungua mimi mwenyewe, nimegusa. Na hata kama waniache nifungue, waya ikionekana imevunjika ndani ya mikono yangu, watasema ni mimi niliivunja sasa hivi.

Nikarudi nyuma. "Komanda, kosa iko ndani ya waya hii, fasi imefungwa. Lakini mimi siwezi kufungua pale."

"Juu ya nini?"

"Usiku nililala na bibi yangu."

Askari walipasuka kucheka. Mumoja akasema: "Muji yote inakimbia, huyu iko anapanda kitanda! Muchunge Mungu, fundi!" Mimi pia nilichekacheka, na kaputula yangu ilikuwa imelowana. Bibi yangu alikuwa ameshakimbilia Boga na mama yangu tangu kikosi ya kwanza iingie muji. Ile usiku nililala peke yangu, na sikuwa hata juu ya kitanda, nilikuwa chini yake.

Komanda Radi hakucheka. Akawaambia askari: "Geukeni." Waligeuka, nyuso ku ukuta. Akafungua dawa yake yeye mwenyewe, kipande kwa kipande, mudomo inasemasema maneno yenye sikusikia wala sikutaka kusikia. Chini ya chambre à air, waya ilikuwa imebonyezwa bapa sawa utambi.

"Komanda, shika huku na huku. Vuta pole pole."

Akavuta. Ngozi ya waya ikarefuka katikati, ikawa nyembamba sawa utumbo wa kuku. Waya yenye shaba muzima hairefuki vile. Ile inarefuka kwa sababu ndani haina kintu.

"Kisu ingepita hapa," nikasema, "ngozi ingefunguka kwanza. Ngozi iko muzima. Ni shaba ndani njo imevunjika."

Akavuta zaidi, ikakatika. Nikamuonyesha zile nyuzi: nyeusi, moya refu, moya fupi, sawa ndevu za mbuzi. Kisu inakata zote sawasawa, na inaziacha zinang'ara. Yenye kuchoka inavunjika uzi moya leo, moya kesho, mpaka wa mwisho. Aliangalia sana. Alikuwa mutu wa akili, mubaya lakini wa akili. Kiisha akauliza neno yenye nilikuwa naogopa tangu kidole isimame.

"Kwa nini ichoke hapa, na haiko fasi ingine?"

Nyuma ya mugongo yangu nikasikia Muzee amekata kupumua.

"Komanda, guidon ikizunguka waya inataka kucheza kidogo. Fasi imefungwa sana, haichezi. Inakunjika fasi moya tu, kila kona."

Akaangalia waya. Akaangalia kifurushi ndani ya mukono yake. Sitasahau vile uso yake ilikuwa. Haikuwa hasira. Ilikuwa sawa mutoto mwenye kuona baba yake anaanguka na pombe. Akasema chini chini: "Neno hii itabaki hapa. Tengeneza. Na urudishe waya fasi ile ile, chini ya dawa."

Fasi ile ile! Nikakata kipande yenye kuoza, nikaitia ndani ya shavu, desturi ya kazi yetu, mudomo njo mufuko. Nikavua ngozi ya waya mupya kwa meno, nikaunga, nikafunga na tepu. Yeye akarudisha dawa na kuikaza. Akaikaza kuliko mbele.

Kiisha akaita askari wageuke, akasema: "Ilikuwa pepo mubaya. Imetoka. Mufungulieni muzee." Ni hiyo tu. Hakusema "Zakaria hakukata." Angesema zile neno mbili, nisingeandika hii leo.

Tulitembea mpaka kona ya lupango. Muzee akauliza: "Umerudisha fasi ile ile?"

"Ndiyo, Muzee."

"Na amekaza?"

"Kuliko mbele."

Akatembea kidogo. "Basi itazima tena."

"Kona ya kuume," nikasema.

"Kona ya kuume."

Hatukurudi nyumbani. Tulishika njia ya Boga na nguo tulikuwa nazo. Nikatoa kipande ya waya ndani ya shavu, nikamupa. Akaiweka ndani ya sanduku ya kiberiti. Muke mumoja mwenye kubeba sombe, ile majani ya muhogo, alikuwa anaelekea Rwambuzi. Muzee akamutuma kwa mudogo yake Anselme, fundi wa kushona: atoke, akimbie, asingoje. Tulimungojea kwa kijiji ya mbele. Jibu ilifika kwa muke ule ule: "Muambie yaya, kaka yangu mukubwa, mimi ni mushonaji. Cherehani yangu ni ya muguu, haina courant." Muzee alicheka, kiisha akakaa chini, pembeni ya njia, na hakucheka tena.

Moto ilizima tena. Wakaita Gustave, maana sasa kibanda ya matole ilikuwa yake. Ile njo alikuwa anatafuta, munajua sasa. Wenye walikuwa pale walinieleza. Hakuuliza ilizima kona gani. Hakuweka lampe. Alibadilisha bougie. Moto ikakataa. Akaona bunduki, akasema: "Ni Zakaria. Alikata kwa siri mbele ya kukimbia." Na Komanda Radi, mwenye alivuta ile waya kwa mikono yake miwili, mwenye alijua, alinyamaza mbele ya askari wake. Alichagua dawa.

Walienda Rwambuzi kumutafuta Muzee, hawakumukuta. Walimutoa Anselme nyuma ya cherehani. Hajarudi. Hakuna kaburi ya kuonyesha.

Basi niandike vizuri, musome hata wenye haraka: Gustave alisema uongo mara mbili. Komanda Radi alijua ukweli na akanyamaza. Zakaria hakukata waya ya mutu. Hata kisu hakuwa nayo.

Ku Boga Muzee hakushika moto tena. Alikuwa anatengeneza torchi na redio za watu wa mashamba. Moto ikipita njiani anaacha kazi, anasikiliza mpaka ipite kona. Kama haikuzima, anapumua, anaendelea. Alikufa juu ya kitanda yake, kwa homa, na alinipa sanduku ya kiberiti. Hakusema niifanyie nini.

Mwaka huu, kiisha Pasaka, nilienda ku gareji ya Ngezi, jua iko juu, vijana wengi. Gustave alikuwa kwenye kiti ya plastiki, amenenepa, lunettes ku paji la uso. Hakunitambua. Nikamuamkia.

"Papa Gustave, mimi niko muzee wa zamani wa kazi, macho inanikataa. Hii waya, ni kisu ao imechoka?"

"Ya moto gani?"

"Ya zamani."

Akaichukua, akaigeuza kwenye jua. Kiisha, bila kufikiri, akaitia kati ya meno, akauma kidogo, akazungusha, akavuta. Vile tulifundishwa. Ngozi ikatoka. Weye kijana wa salopette nyekundu, ile ovaroli ya kazi, ulisogea kuangalia, unakumbuka? Akakuonyesha: "Angalia hapa, petit. Nyuzi moya refu, moya fupi, tena nyeusi. Kisu inakata sawasawa. Hii haiko kisu. Hii ilifungwa sana, ikachoka." Alifundisha vizuri, sawa Muzee mwenyewe.

"Asante," nikasema. "Sema tena, wote wasikie."

"Haiko kisu! Hata kipofu anaona. Ulitoa wapi?"

"Chini ya dawa ya Komanda Radi."

Aliinua macho, akaangalia meno yangu. Waya ilianza kucheza ndani ya vidole vyake, inagonga kwenye kiti, tin, tin, tin. Nilingoja. Nilikuwa na woga bado, miaka yote hii, nilikuwa nasikiliza kama mabati itapasuka nyuma yangu. Gustave akaniwekea waya ndani ya mukono. Kiisha akageuka kwa kijana wa salopette nyekundu, na sauti haikuwa yake:

"Unasimama nini? Enda, badilisha bougie."